Ukiongeza tairi, anza na stelingi

Ndugu Mhariri,

Makala za magari ya porini husifu sana tairi kubwa, rimu pana na springi zilizoinuliwa. Stelingi hutajwa mara chache mno, ilhali ndiyo inayobeba adha ya mabadiliko hayo yote. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wanaotaka kutoka tairi za inchi 31 kwenda 35.

Tairi kubwa ni nzito na hung'ang'ania ardhi zaidi. Rimu iliyotokeza nje nayo husogeza tairi mbali na mhimili ambao gurudumu hugeukia, hivyo jiwe likigonga hupata mkono mrefu wa kulizungusha gurudumu kwa nguvu. Pigo hilo hupita kwenye tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), likaenda dragi linki (fimbo inayounganisha gurudumu na mkono wa pitmani), mkono wa pitmani wenyewe (unaotoka kwenye boksi), stelingi boksi (linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo), hadi chasi. Ukiimarisha kimoja tu, kinachofuata ndicho kitakachovunjika, na heri tairodi iliyopinda kuliko boksi lililong'oka.

Magari mengi ya ekseli nzima (moja inayobeba magurudumu yote mawili ya mbele), Land Cruiser 80 likiwemo, yana tairodi nyuma ya ekseli. Magurudumu yakigonga kizuizi, pande zake za mbele hukimbilia nje na za nyuma hubanana ndani, kwa hiyo tairodi husukumwa kutoka ncha zote mbili. Chuma chembamba kikisukumwa hivyo hupinda katikati kama upinde. Ndiyo maana unene wa nje una maana kuliko uzito. Fimbo nzima ya milimita 22 ukiibadilisha kwa bomba la chuma hichohicho lenye milimita 32 nje na ukuta wa milimita 6, ukakamavu wake huongezeka karibu mara 4, na uzito haupandi hata kwa theluthi. Bomba liwe la chuma cha mitambo lisilo na mshono. La maji halifai kabisa.

Ncha moja ya tairodi iwe na nyuzi (mikato ya skrubu) za kulia na nyingine za kushoto, ili urefu urekebishwe bila kuifungua. Nyuzi ziingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake: nyuzi za milimita 24 ziingie milimita 36. Kabla ya kukaza nati za kufungia, weka tairodi endi (viungo vinavyocheza kwenye ncha za tairodi) zote mbili katikati ya mchezo wake. Moja ikikaa imelala upande, gari likipinda kwenye mashimo shingo yake itagonga nyumba yake na kukatika.

Tundu la koni, yaani tundu linalosinyaa ambamo shina la tairodi endi huingia, ndilo linaloharibiwa zaidi na haraka. Paka shina la tairodi endi rangi ya kalamu nzito, lipachike, lizungushe, kisha litoe. Rangi iwe imefutika kuzunguka shina lote. Ikifutika juu tu au upande mmoja, koni hizo hazipatani, na nati hata ikikazwa vipi, shina litacheza na kulifanya tundu kuwa yai. Tundu la yai halitengenezwi kwa tairodi endi mpya. Tundu likibidi kupanuliwa, itumike rima ya koni yenye mteremko uleule, kamwe isiwe drili. Na tundu la kotapini (pini inayozuia nati isilegee) lisipokutana na meno ya nati, kaza zaidi mpaka likutane. Usilegeze.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipuuza. Gari likiinuliwa, dragi linki husimama mshazari, na springi zikibonyea gari hujigeuza lenyewe. Ukitazama kutoka mbele, dragi linki na panhadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isiende kando) ziwe sambamba na urefu unaokaribiana. Mkono wa pitmani ulioshushwa hurekebisha dragi linki peke yake, tena huongeza mzigo wa kupinda kwenye shafti ya boksi. Afadhali kuinua dragi linki upande wa gurudumu, na panhadi iinuliwe upande wa ekseli kwa kiasi hichohicho. Mikono ya stelingi isipashwe moto ikapindwa wala kuchomelewa, kwa sababu chuma chake kikipata joto hupoteza ugumu bila kuonyesha dalili.

Magurudumu ya mbele yakianza kutetema vibaya baada ya kupiga shimo, wengi hununua shokapu ya stelingi ya pili. Shokapu huficha tu. Injini ikiwa imewashwa na tairi ziko chini, mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, mwingine akishika kila kiungo kwa kiganja. Anzia kwenye bolti za panhadi. Tundu lililolegea kwa milimita 1 tu linatosha kuanzisha mtetemo. Kisha angalia bushi, boljointi au bearingi za kingipini (mhimili ambao gurudumu hugeukia), balansi ya tairi, na kasta (mwinamo wa mhimili huo kuelekea nyuma) iliyopungua kwa sababu ya kuinua gari.

Kagua pia chasi kuzunguka bolti za stelingi boksi. Safisha grisi na matope, tafuta ufa mwembamba kama unywele, na uimarishe mahali hapo kwa bamba kabla ya kufikiria silinda ya haidroliki ya kusaidia kusukuma stelingi. Silinda hiyo ikifungwa, bolti za kuzuia kona kwenye ekseli lazima ziguse kabla silinda haijafika mwisho wake, la sivyo itajisukuma mpaka ivunje mabano yake.

Mwisho pima tou (jinsi magurudumu ya mbele yanavyoelekeana) kwa kimo cha katikati ya gurudumu: umbali wa mbele uwe mfupi kuliko wa nyuma kwa milimita 1 hadi 3. Usukani ukikaa upande, unyooshe kwa kurekebisha dragi linki, boksi likiwa katikati ya mzunguko wake, wala usiuchomoe ukaupachika upya. Baada ya kilomita 100, rudia kukaza kila nati.

Fundi wa stelingi