Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka huu tumehangaika na umri wa watoto wanaokamatwa

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha msaada wa kisheria, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Katiba yetu inasema taarifa isomwe mkutano mkuu ila wengi mliomba niitume mapema mana siku ile huwa tunakimbizana na muda, basi hii hapa.

Mirathi, matunzo, migogoro ya mipaka, hayo yote mtayakuta kwa katibu. Mi naomba niongelee watoto waliokinzana na sheria, kwa sababu ndo tumehangaika nao sana na ndo tumebishana kwenye grupu hadi wengine wakalefti.

Kuna wanaosema dogo akiiba simu apigwe mvua kadhaa, yaani miaka jela, atajifunza. Kuibiwa kunauma, nawaelewa, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 119 imeshamaliza huo ubishi, mtoto hahukumiwi kifungo, na mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18. Wa chini ya miaka 10 hana kosa la jinai kabisa, wa 10 ambaye hajafika 12 mpaka ithibitishwe alijua anachofanya ni kibaya. Na sio kwamba wanaachiwa tu waende zao kama watu wanavodhani, hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, na ikishindikana kabisa anapelekwa shule ya maadilisho, ya kuwarekebisha watoto waliokosa, Irambo kule Mbeya. Mzazi naye anaweza kuamriwa alipe faini au fidia, hili tulitaje zaidi tukienda mtaani mana aliyeibiwa anaona kama sote tumekaa upande wa mwizi.

Sasa shida yenyewe. Haya yote yanategemea namba moja inayoandikwa pale kaunta ya polisi. Dogo kaletwa usiku kapigwa na wananchi, anaulizwa umri anaogopa anasema 18, au mwenyewe anajifanya mkubwa akidhani itamsaidia, au anayeandika anakadiria kwa kumwangalia mwili, na hiyo namba ikishaingia kwenye faili inatembea nayo. Analala lokapu na watu wazima, anasomewa shtaka mahakama ya kawaida watu wote wanamtazama, wakati angetakiwa awe mahakama ya watoto ambako kesi haiendeshwi hadharani, mzazi yupo, ustawi yupo na ripoti inayoeleza dogo analelewa na nani na shule aliacha kwa nini. Ile ripoti ndo roho ya kesi kwa maoni yangu, mana mahakama inatafuta kilichomsukuma ili asirudi tena.

Sheria inaitaka mahakama ichunguze umri pale anapoonekana ni mtoto, ila ichunguze kwa kutumia nini kama cheti cha kuzaliwa hakuna? Hapo ndo tunaingia sisi. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi, kiapo cha mama. Kesi zote tulizofanikiwa mwaka huu zilifanikiwa kwa karatasi kama hizo na zililetwa mapema, zile tulizochelewa mtoto alishakaa ndani na wakubwa na hakuna wa kumrudishia hizo siku. Mahabusu za watoto, wanakokaa wakisubiri kesi, nazo ni chache, kama Upanga pale Dar, Tanga, Moshi, Arusha, Mbeya, sisi wa huku kwetu ni nauli na kupiga simu tu.

Mtoto akishtakiwa pamoja na mtu mzima njia inabadilika, na mauaji ni Mahakama Kuu, kwa hiyo msiwaahidi wazazi vitu bila kuliona shtaka kwanza jamani.

Fedha, kwa ufupi, ada mnalipa kwa kusukumwa. Hoja yangu mkutanoni itakuwa moja, tutenge nauli na vocha ya mtu wa zamu wa kwenda kituoni usiku uleule mtoto anapokamatwa. Anayeipinga aje na mbadala. Mweka hazina atapokea ada mlangoni kabla ya kikao.