Kijana wa kaunta hahitaji paswadi yako ya bosi

Wenye steshenari za huku karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na wale wa mjini kuzunguka Nyerere Square wengi mmehamia Ubuntu, mfumo wa kompyuta badala ya Windows, safi sana, ila kuna swali moja naulizwa karibu kila wiki: "Fundi, hii mashine inadai paswadi kila kitu, si uitoe tu?" Naweza kuitoa. Siitoi, na ngoja niseme kwa nini.

Foleni ya wanafunzi imefika mlangoni, kila mtu ana ripoti yake kwenye flashi, printa inagoma, dogo wa kaunta anatakiwa aristati huduma ya kuprinti ambayo inaitwa cups, anaandika sudo, yaani amri ya kufanya kazi kwa nguvu za mkubwa wa mashine, inamdai paswadi, bosi yuko Majengo sokoni. Anampigia, bosi anamtajia paswadi kwenye simu mbele ya watu wote. Kuanzia siku hiyo dogo ana mashine nzima mkononi, anaweza kufuta mafaili ya wateja, kuongeza yuza, hata kubadilisha paswadi yako wewe mwenyewe ukabaki nje ya kompyuta uliyoinunua.

Tunachofanya sisi ni kumpa dogo yuza yake, tuiite kaunta, halafu tunamruhusu kazi ile moja tu bila paswadi. Kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, ni sudo visudo -f /etc/sudoers.d/kaunta, ndani unaandika mstari huu:

kaunta ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart cups

Basi. Akiandika sudo systemctl restart cups inapita kimya kimya, akijaribu kitu kingine inakataa. Lakini hakikisha kaunta hayumo kwenye kundi la sudo, maana akiwemo atakuwa anaruhusiwa kila kitu kwa paswadi yake mwenyewe na hapo hujazuia chochote. Kuhakiki andika sudo -l -U kaunta, utaona alichoruhusiwa.

Na jina la faili lisiwe na nukta jamani. Ukiliita kaunta.conf sudo inalipita kama halipo, utahangaika mchana kutwa unasema mstari umekosewa kumbe ni jina.

Kwa nini visudo na sio kufungua faili kwa nano, ile programu ya kawaida ya kueditia, moja kwa moja? Visudo inakagua kabla ya kusevu. Ukikosea inakuuliza ufanyeje, bonyeza e urudi kurekebisha au x utoke bila kusevu, Q usiiguse kabisa, hiyo inasevu na kosa lake. Faili hilo likiharibika sudo inaweza kugoma mashine nzima, na hapo ndipo watu wanakuja wamebeba CPU kwenye bodaboda. Mimi nikifanya kazi hii huwa nafungua dirisha la pili lenye sudo -i, ambalo tayari lina nguvu za mkubwa wa mashine, silifungi mpaka nimejaribu kila kitu.

Kingine, usimpe mtu NOPASSWD ya vim (programu nyingine ya kueditia) ukidhani umempa kueditia faili moja tu. Ndani ya vim akiandika :!bash ameshakuwa root, mkubwa wa mashine nzima, mchezo umeisha.

Wengine shida yenu ni kinyume, mnataka idai zaidi. Ubuntu ukishaweka paswadi inakaa dakika 15 bila kuuliza tena kwenye terminali hiyohiyo, sasa ukiinuka kwenda kunywa chai mtu akikaa kwenye kiti chako anaendelea alipoishia bosi. Kwa visudo hiyohiyo weka mstari Defaults timestamp_timeout=0 itauliza kila mara, au ukiinuka andika tu sudo -k. Namba hasi usiweke, hiyo haiulizi tena mpaka uzime mashine.

Ah, na ukiandika paswadi usione kitu kwenye skrini, kibodi haijafa, ndivyo ilivyo, andika umalize ubonyeze enta.

Wateja wa Kongwa, Bahi na Manyoni hii tunaifanya kwa mbali kama mashine ina intaneti na SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, imewashwa, wa mjini tunakuja dukani. Tuandikie kabla kazi gani hasa unataka vijana wafanye bila kukupigia simu. Na kama paswadi ya bosi yenyewe umeshaisahau sema mapema, hiyo ni kazi nyingine, na kama diski ilifungwa kwa paswadi yake wakati wa kuinstoli na nayo huikumbuki, mafaili hatukuahidi.