Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi: Kidonge cha Usiku wa Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Mkuu wa Shule na walimu wetu. Wazazi na walezi. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza hadi cha tatu. Mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa, karibu sana. Kwa desturi risala ya wahitimu huhesabu: tulianza wangapi, tumebaki wangapi, madawati na kemikali za maabara zimepungua kiasi gani. Hayo Mkuu wa Shule amekwisha kuyaeleza vizuri katika taarifa yake. Sisi tumeomba, naye ameturidhia, tutumie dakika zetu kwa jambo moja lililotupata mwaka jana usiku wa siku kama hii, na ambalo laweza kutupata tena leo jua likizama.

Baada ya mahafali ya kaka na dada zetu kulikuwa na disko kwenye ukumbi wa kukodi. Haikuwa shughuli ya shule. Kaka yetu mmoja alipewa kidonge cha rangi ya waridi, kimepigwa chapa juu yake, kizuri kama pipi. Aliyempa alimwambia si unga wala bangi, ni cha stimu tu, atacheza mpaka asubuhi. Akameza. Nusu saa ikapita hakuona kitu, akaongeza cha pili. Ilipofika saa saba usiku alikuwa amekaza taya, ngozi inawaka moto, anazungumza na watu wasiokuwapo. Wenzake wakamtoa nje, wakamfunika kwa majoho kwa sababu alikuwa anatetemeka, wakamnywesha maji chupa baada ya chupa. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Wakakaa naye nyuma ya ukumbi saa mbili nzima.

Wawili kati yetu tunaosoma risala hii tulikuwepo. Tulimpenda na bado tunampenda. Tuliogopa polisi, tukaogopa kaka yetu na sisi kufukuzwa shule, mtihani wa taifa ukiwa umebakiza wiki chache. Aliyetuokoa ni dereva wa bajaji aliyekuwa anasubiri abiria. Hakuuliza swali, alimbeba.

Kaka yetu alilazwa siku tisa. Joto lilikuwa limeharibu misuli yake, mabaki ya misuli hiyo yakaenda kuziba figo, ikabidi damu isafishwe kwa mashine. Yuko hai, na ameturuhusu tulisimulie jambo hili, ila jina lake tusilitaje.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu usiku ule tumekuwa tukiuliza na kusoma. Kidonge kile huitwa ekstasi, na dawa yake hasa ni MDMA. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani mwaka 1912, na mwaka 1986 ikaingizwa katika orodha ya dawa zinazobanwa zaidi chini ya mkataba wa kimataifa. Ndani ya ubongo inafungulia kwa mkupuo akiba ya serotonini, kemikali inayotuliza moyo na kuleta usingizi. Ndiyo maana mmezaji hujisikia anampenda kila mtu ukumbini, na ndiyo maana siku mbili tatu baadaye wengi wao hulemewa na huzuni wasiyoielewa inatoka wapi. Ghala limebaki tupu.

Lakini kinachoua haraka ni joto. Mwili wa kawaida una nyuzi 37. Ekstasi huvuruga mtambo wa ndani unaopima joto, na huku kijana anacheza kwenye ukumbi uliojaa watu, hasikii uchovu wala kiu. Joto likipita nyuzi 40, misuli, ini na figo huanza kuharibika. Kutetemeka kule tulikokudhani baridi hakukuwa baridi hata kidogo, na majoho yale tuliyomfunika yalizidi kumpika. Inatuuma kulisema mbele ya mama yake, lakini tumeona tuliseme, maana wadogo zetu wangefanya vilevile.

Na maji nayo. Kila mtu anajua mtu mwenye joto apewe maji. Kumbe dawa hii huufanya mwili uyazuie maji usiyatoe kwa mkojo, na maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu hadi ubongo ukavimba. Mwaka 1995 huko Essex, Uingereza, msichana alimeza kidonge kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 18, akanywa lita nyingi za maji kwa muda mfupi akidhani anajiokoa. Alifariki siku chache baadaye.

Halafu kuna hili la kuongeza cha pili. Chapa iliyopigwa juu ya kidonge haithibitishi kilichomo ndani. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, hukohuko Uingereza, vifo vya wanaume wanne vilihusishwa na vidonge vyekundu vyenye alama ya Superman. Ndani yake mlikuwa na PMMA, sumu inayochelewa kupanda. Mmezaji huona kidonge hakifanyi kazi, akaongeza kingine, na vyote viwili vikapanda kwa pamoja. Hatujui kaka yetu alimeza nini hasa, kwa sababu kidonge kilichosalia tulikitupa chooni kwa woga, na daktari hakuwa na cha kupima. Jambo jingine halisemwi hadharani, nasi tunalisema kwa heshima: ritonavir, dawa inayotumika na baadhi ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huzuia ini lisiivunje ekstasi, na kidonge kimoja kinaweza kuwa na nguvu ya vingi. Mchanganyiko huo umekwisha kuua.

Mheshimiwa, tulipolizungumza hili kwenye kikao cha wazazi, mzazi mmoja aliuliza: si kuna methadoni, ile dawa ya kuwatibu waraibu? Swali lake lilikuwa la haki. Nchi yetu ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na sote hapa mtaani tunawajua watu waliokuwa mateja, wanalala vichochoroni wakiugua arosto, ambao leo wana kazi na familia. Tunajivunia huduma hiyo. Lakini methadoni ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Kwa ekstasi haisaidii kitu, na hakuna dawa nyingine iliyothibitishwa kuutibu uraibu wake. Kilichopo ni cha aina mbili. Usiku wa tukio kuna hospitali: kumpoza mgonjwa haraka, kumtuliza kwa dawa, kupima chumvi ya damu kabla ya kuamua dripu. Baadaye kuna kazi ya polepole ya ushauri nasaha, kumsaidia kijana atambue ni wapi na kina nani wanaomvuta kwenye kidonge, na kuitibu ile huzuni na kukosa usingizi vinavyomrudisha huko. Kaka yetu alihudhuria kliniki ya afya ya akili kwa miezi mitano. Anasema miezi hiyo ilikuwa migumu kuliko mashine ya figo.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kufika. Na hapo, Mheshimiwa, ndipo tunapokuhitaji wewe, kwa kuwa ndiwe Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya. Tunaomba itamkwe leo, mbele ya wazazi wetu, kwamba kijana anayemleta mwenzake hospitali kwa sababu ya vidonge hatashikwa kwa kumleta, na shule haitamfukuza kwa kumleta. Anayeuza asakwe, hapo hatuna neno. Tunamzungumzia anayembeba mwenzake. Tunaomba pia mshauri nasaha ambaye hana vipindi vya kufundisha, kwa kuwa aliyepo sasa ana vipindi 28 kwa wiki na tunamwona akikimbia. Na tunaomba yale mabango yenye picha ya bomba la sindano yaliyobandikwa kila darasa yaongezewe picha ya kidonge. Sisi tuliyatazama miaka minne, na siku hatari ilipokuja ikiwa na rangi ya waridi hatukuitambua.

Wadogo zetu, mkimwona mwenzenu hivyo: mpelekeni penye hewa, mvueni nguo nzito, mloesheni na kumpepea, akizimia mlazeni ubavu, msimlazimishe maji, kidonge kilichobaki kiwekeni, na ondokeni naye kwenda hospitali mara moja. Mkitaka ushauri kabla mambo hayajafika huko, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, haina malipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yule dereva wa bajaji tumemwalika. Amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango. Utakapoanza kugawa vyeti, cha kwanza mezani tumeandika jina lake. Tunaomba umwite yeye kabla yetu.

Tunaomba kuwasilisha.