Konokono wa tangi la samaki wasiokotwe mtaroni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie makala iliyochapwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa nyumba na bustani, ambayo ilimsifu konokono wa maji baridi kuwa mfagizi wa bure wa tangi la samaki, kisha ikamshauri msomaji asiye na fedha za dukani akaokote wachache kwenye mtaro au bwawa la jirani. Sifa nazikubali, kwa sababu nami ninao tangini. Ushauri huo wa kuokota ndio ulionifanya nishike kalamu, hasa kwa kuwa ninaandika kutoka Mwanza, kando ya ziwa ambalo kichocho chake tunakijua kwa watoto wetu na si kwa kusoma vitabuni.

Kimelea cha kichocho hakiwezi kukamilisha maisha yake bila konokono. Mayai yanayotoka katika choo au mkojo wa mgonjwa huanguliwa majini, kimelea kikaingia ndani ya konokono na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha lava, yaani vimelea vichanga visivyoonekana kwa urahisi, kwa mamia, pengine kwa maelfu, hutoka kila siku kutafuta ngozi ya binadamu. Kichocho cha tumbo hupitia konokono wa jenasi ya Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojikunja mfano wa ngata ya kubebea ndoo, na kile cha mkojo hupitia Bulinus, ambaye ni mdogo na gamba lake limechongoka. Huyo wa ngata anafanana mno na konokono wa mapambo wauzwao madukani, kwani ni wa ukoo mmoja, na hata fundi wa samaki hawezi kumtazama tu akasema huyu ana kimelea na yule hana. Sasa mfikirie mfugaji anayetumbukiza mkono hadi kiwikoni kila wiki kusugua kioo, tena mchana, wakati ambapo mwanga huwachochea lava hao kutoka. Makala yenu haikumwonya.

Anayetaka mla mwani wa kuaminika namshauri atafute konokono aina ya nerite kwa muuzaji anayejua walikotoka. Mmoja wao, yule mwenye mistari myeusi kama pundamilia anayependwa sana na wafugaji wa Ulaya, asili yake ni midomo ya mito na mikoko ya pwani yetu ya mashariki ya Afrika hadi Afrika Kusini. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba wengi wetu tunamfahamu kwa picha za wageni. Hukwangua utando wa kijani na wa kahawia kwenye kioo na mawe bila kuharibu mimea, na hajai tangini, kwa kuwa lava wake huhitaji maji yenye chumvi ili wakue. Kero yake ni vijiyai vyeupe, vigumu kama punje za ufuta, anavyovibandika kila mahali na ambavyo havitoki ila kwa kukwanguliwa. Tangi lifunikwe pia, maana hupanda kioo akatoka nje, na asubuhi utamkuta sakafuni.

Gamba lake linahitaji chokaa. Katika maji laini, kama ya mvua, huanza kulika na kufanya madoa meupe, na dawa rahisi ni kipande cha mfupa wa ngisi kilichoachwa majini. Dawa za samaki zenye shaba humuua, kwa hiyo karatasi ya maelezo isomwe kabla ya chupa kufunguliwa. Mwani ukimalizika, apewe jani la mchicha lililochemshwa kidogo.

Hata hivyo makala ilimtwika konokono mzigo usio wake. Yeye hali kinyesi cha samaki kikaisha, wala hawezi kusafisha maji yaliyogeuka kijani yenyewe. Tangi langu la lita 80 lilikaa dirishani miaka miwili, nami nikawa naongeza konokono badala ya kulisogeza. Nilipoliondoa juani, nikapunguza chakula na kuwasha taa saa saba tu kwa siku, wanne wakatosha.

Limebaki la konokono wanaozidi. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba konokono-tufaha kutoka Amerika Kusini, ambaye jamaa zake hufugwa katika matangi, amevamia majaruba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, ambako hutafuna miche michanga na kutaga vishada vya mayai ya waridi juu ya usawa wa maji. Kwa hiyo konokono wasiotakiwa wasimwagwe mtaroni wala ziwani. Wagandishwe kwenye friji kwa siku moja au mbili, kisha wafukiwe.

Naiomba ofisi yako ichape sahihisho katika ukurasa uleule, pamoja na picha ya huyo konokono wa ngata, kabla ya likizo ya shule kuanza, kwa sababu watakaotumwa mtaroni na kopo ni watoto.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Nyegezi, Mwanza.