YAH: Mgonjwa mwenye homa kuambiwa achomwe sindano, na sindano zilizoganda

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Naandika kwa adabu, na adabu hiyo naishikilia kwa nguvu.

Mhudumu wa simu wa kampuni yenu inayotuletea dawa aliagiza mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 38.6 achomwe adalimumabu yake (sindano ya maumivu ya viungo inayopunguza kinga ya mwili) siku hiyohiyo. Maneno yake ni haya: "Homa ni kawaida kwa dawa hizi. Mchome tu, ratiba isivurugike." Nikamwambia kuna kikohozi chenye makohozi. Nikaomba mfamasia. Akaniachia muziki masikioni, akarudi na kusema: "Nimeuliza, wanasema ni kawaida." Hao wanaosema ni akina nani, hakutaja.

Taratibu mnazo wenyewe, tena mmezichapisha ndani ya boksi. Kwa kuwa hazijafika kwenye meza ya simu, nazirudia. Kilicho kawaida baada ya sindano hii ni wekundu, muwasho, uvimbe mdogo au maumivu pale ilipochomwa, na huisha kwa siku chache. Wengine huumwa kichwa. Homa pamoja na kikohozi chenye makohozi si vya kuitwa kawaida tu: huenda ni maambukizi. Dawa inazuia TNF, protini ya kinga ya mwili, na TNF ndiyo inayosaidia kushikilia ukuta wa chembe za kinga unaovifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Ukuta ukilegea, vinatoka, na mara nyingi vinaenda nje ya mapafu. Ndiyo sababu ya kupima TB na homa ya ini B kabla ya sindano ya kwanza. Na majibu mazuri ya siku ile hayampi mtu ruhusa ya kupuuza kikohozi kinachokuja baadaye. Mgonjwa huyu anameza pia methotreksati na prednisoloni, ambazo nazo hupunguza kinga. Prednisoloni huificha homa, kwa hiyo 38.6 yake ilipaswa kumtisha mhudumu zaidi, si kumtuliza. Lakini angejuaje, ikiwa hakuuliza dawa nyingine anazotumia?

Na hiyo "ratiba" aliyoihofia: ni miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, na wiki mbili zikipita karibu nusu ya dawa bado inazunguka mwilini. Kuisha kabisa kunaweza kuchukua hadi miezi minne. Mgonjwa akisubiri siku kadhaa aonwe na daktari, pengine viungo vitamuuma zaidi, basi. Akichomwa katikati ya maambukizi, hakuna wa kuitoa dawa hiyo tena.

Simu hiyo haikuwa ya kwanza kunikatisha tamaa. Kabla yake lilikuja sanduku lenu, mifuko ya barafu iliyogandishwa ikiwa imelala juu ya sindano bila hata kipande cha kadibodi katikati, na kirekodi cha jotoridi kikionyesha kuwa ndani kulishuka chini ya sifuri. Jibu lenu la maandishi, ambalo ninalo: "Ziacheni ziyeyuke kisha mzitumie." Nyuzi 2 hadi 8, isigande, na ikiganda itupwe hata kama imeyeyuka: haya yameandikwa kwenye boksi lenyewe. Dawa hii ni protini. Barafu huivuruga umbo, ikashikana mabonge ambayo huenda jicho lisiyaone, na mabonge hayo yanaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Inaacha kufanya kazi, na ikadhaniwa kwamba dawa haimfai mgonjwa. Wafungashaji wenu wanaogopa joto peke yake, ilhali sindano hii inaweza kukaa nje ya friji, isizidi nyuzi 25, kwa siku 14. Joto la kiasi inalivumilia. Kuganda haikuvumilii hata kidogo. Hati ya mzigo nayo haikuwa na namba ya toleo, yaani namba ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja. Kwa dawa za kibiolojia kama hii, zinazotengenezwa kwa chembe hai, bila jina la dawa na namba ya toleo, madhara yakitokea mtayafuatilia kwa kutumia nini?

Lakini narudi kwenye simu, maana hapo ndipo mlipovuka mpaka. Spika ilikuwa wazi, mgonjwa anasikiliza huku anatetemeka. Paja lilikwisha kusafishwa kwa spiriti. "Homa ni kawaida kwa dawa hizi. Mchome tu." Hakuuliza homa imeanza lini, wala kama anapumua kwa shida, wala kama anatoka jasho usiku au amepungua uzito. Nilimwomba mfamasia naye akanipa muziki. Mgonjwa angekuwa peke yake angetii, kwa sababu aliyesema ni kampuni inayomletea dawa. Hakuchomwa. Daktari alikuta nimonia. Baada ya hapo mkanitumia ujumbe wa "pole kwa usumbufu". Usumbufu!

Nadai sindano zote za mzigo ule zibadilishwe bila malipo, zikiwa na namba ya toleo na rekodi ya jotoridi ya safari nzima. Nadai barua ya kuomba radhi kwa mgonjwa, iliyosainiwa na mfamasia wenu mkuu. Ujumbe wa simu sitaupokea. Tena, wahudumu wa simu wakatazwe mara moja kujibu lolote kuhusu homa, kikohozi, uvimbe wa uso, kidonda kisichopona au macho kuwa ya manjano. Simu hiyo iende kwa mfamasia au mgonjwa aelekezwe hospitali. Na kila mteja aliyepokea sanduku lililofungwa namna ile apigiwe kabla hajajichoma.

Nilikusudia kuishia hapo. Nikikumbuka ule muziki, naongeza: malipo yenu yamesimama kuanzia leo. Nawapa siku saba za kazi. Zikipita kimya, sanduku, kirekodi na jibu lenu la "ziyeyuke" vitafika kwa mamlaka ya udhibiti wa dawa pamoja na fomu ya taarifa ya madhara. Rekodi ya simu ile msiifute. Mwanasheria ataidai kwa maandishi.

Mteja wenu (jina na namba ya usajili vimo kwenye fomu iliyoambatishwa)