Fundi seremala wa kata ya Pasua, asante

Nasomea ualimu wa chekechea hapa Moshi huku nafundisha, na napimwa darasani, mbele ya watoto. Jumatatu mvua ilivuja stoo, maboksi yangu ya zana za kuhesabia yakawa uji. Msimamizi anakuja Alhamisi.

Nilipita karakana kwako nikajifanya naomba vipande vya kuwashia jiko (aibu tu). Ukacheka, ukagundua ni vya darasani, ukauliza watoto wana miaka mingapi. Ukakata vibao 20, ukavipiga randa, ukapiga msasa kila kona, kisha ukavipitisha shavuni mwako kimoja kimoja kuona kama vinachoma. Hela ukakataa, chai ukanywa.

Alhamisi, mtoto mmoja wa darasani kwangu asiyeongeaga alivipanga hadi 12, anahesabu kwa sauti. Mafundi wengine, mabaki msichome yote jamani. Walimu tunayahitaji.