Barua ya malalamiko: tovuti yetu ya Pokémon kufungwa bila ilani na kurudishwa ikiwa imeharibika

Wahariri wa Tovuti,
Nairobi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bi,

MINT: KUFUNGWA KWA TOVUTI YOTE KWA SABABU YA UKURASA MMOJA

Jumanne saa tano usiku ninyi, mnaotuwekea tovuti yetu kwenye seva yenu, mliifunga tovuti hiyo, inayowaeleza wazazi na watoto wa hapa kwetu kuhusu Pokémon, katuni na michezo kutoka Japani, kwa Kiswahili na kuitetea inaposingiziwa. Ilikaa siku tisa ikiwa imefungwa. Mlipoifungua, makala yalikuwa ya zaidi ya wiki tatu kabla ya kufungwa, barua pepe zilizotumwa kwetu katika siku hizo hazikuwepo, na maandishi mengi yalikuwa yameharibika. Kisha mkatudai shilingi 3,000 za kufunguliwa. Tunalalamikia mambo haya yote, na tunaanza na ukurasa wenyewe kwa sababu tunaamini hakuna mtu katika ofisi yenu aliyeusoma.

Tiketi yenu, yaani taarifa ya dawati lenu la msaada, inasema ukurasa huo "unaonyesha watoto mwanga unaoleta kifafa na kuwafundisha majini ya mfukoni". Ukurasa huo ni onyo kwa wazazi. Unaeleza yaliyotokea Japani tarehe 16 Desemba 1997, siku kipindi cha 38 cha katuni hiyo kiliporushwa na TV Tokyo. Saa 12:51 jioni, mlipuko ulichorwa kwa rangi nyekundu na buluu zikipokezana kama mara 12 kwa sekunde, na kwa sekunde chache mwanga huo ukajaza kioo kizima. Watoto 685 walipelekwa hospitali. Wengine walipatwa na kifafa jioni hiyo hiyo baadaye, taarifa za habari zilipokirudia kipande kile kuonyesha kilichotokea.

Kwa sababu hiyo ya mwisho, ukurasa wetu hauna video hata moja. Una picha mbili tulivu, moja nyekundu na moja buluu, zimewekwa kando kwa kando, kila moja upana wa pikseli 320. Hazichezi. Fundi wenu angeufungua ukurasa kwa dakika moja tu angeliona hilo. Angeona pia kwamba hatukuificha aibu ya katuni tunayoipenda: tumeandika kwamba kosa lilikuwa la watengenezaji, kwamba katuni ilisimamishwa kwa miezi minne ikarudi Aprili 1998, kwamba kipindi kile hakijarushwa tena, na kwamba mwezi huo huo vituo vya Japani vilijiwekea mwongozo wa mwanga unaomwekamweka, wenye kikomo cha mara tatu kwa sekunde, hasa kwa rangi nyekundu. Porygon, mhusika aliyetupiwa lawama, hakuufanya mlipuko ule. Ulitoka kwenye umeme wa Pikachu, mhusika mwingine. Mtoto wa darasa la nne anayeijua katuni hii atakusahihisha ukikosea hapo, na ana haki.

Sehemu ya chini ya ukurasa ndiyo inayosomwa zaidi, na ndiyo iliyotuuma zaidi kuikosa kwa siku tisa. Inamwambia mzazi kwamba katika kila watu 100 wenye kifafa, kama watatu ndio wanaosumbuliwa na mwanga wa aina hii, wengi wao wakiwa watoto na vijana, na kwamba mtoto anaweza kuwa na hali hiyo bila mtu yeyote kujua hadi siku ya kwanza. Mwanga wenye hatari ni ule unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Katika bedsita televisheni huwa hatua moja kutoka kitandani, na watu huzima taa ili tokeni za stima zisiishe. Hayo mawili yakikutana, kioo kinayajaza macho yote ya mtoto na tofauti ya mwanga na giza inakuwa kali. Kwa hiyo tunasema: taa iwake, mtoto akae mita mbili na nusu au zaidi, na ikishindikana, mwangaza wa kioo upunguzwe. Mwanga ukianza kumwekamweka, mtoto afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa sababu mwanga, hasa mwekundu, hupita kwenye kope. Akianguka, alazwe kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na saa iangaliwe: ikipita dakika tano, apelekwe hospitali.

Huo ndio ukurasa mliouita hatari kwa watoto.

Kuhusu "majini", tunaelewa hofu hiyo inatoka wapi. Nchi hii iliwahi kuundiwa tume ya kuchunguza ibada ya shetani mwaka 1994, na mzazi anayesikia neno lile ana sababu ya kushtuka. Lakini neno lenyewe si sahihi. Pokémon ni ufupisho wa jina la Kijapani linalomaanisha madubwana ya mfukoni. Dubwana ni kitu kikubwa cha ajabu cha kwenye hadithi. Jini ni kitu kinachompanda mtu. Mzazi akiambiwa mwanawe anakusanya majini mfukoni, ataitupa simu dirishani, na sisi katika nafasi yake tungefanya vivyo hivyo. Aliyeubuni mchezo, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu, na mchezo wa kwanza wa mwaka 1996 umejengwa juu ya mchezo huo wa kitoto: unamtafuta, unamkamata, unambadilishana na mwenzako. Uvumi kwamba jina lina maana iliyofichwa ulienea sana Mashariki ya Kati, na Saudi Arabia ilipiga marufuku michezo na kadi hizo mwaka 2001. Tumeyaandika hayo pia, pamoja na sababu zilizotolewa, kwa sababu msomaji anayeamua lazima aone pande zote. Hata Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipotangaza orodha yake ya katuni zilizopigwa marufuku mwaka 2017, Pokémon haikuwamo.

Na si kweli kwamba tunatetea kila kitu. Mhusika Jynx alichorwa kwanza akiwa na uso mweusi na midomo mikubwa, waliokosoa walikuwa na haki, na rangi yake ikabadilishwa kuwa zambarau. Tumesema hivyo waziwazi. Tunao pia ukurasa kuhusu mipira ya plastiki ya Pokémon iliyotolewa na migahawa ya Burger King, ambayo huko Marekani iliitwa irudishwe mnamo Desemba 1999, zaidi ya milioni 25, baada ya kifo cha mtoto wa miezi 13: kila mpira wa kipenyo cha kama sentimita 7 unafunguka nusu mbili, na nusu moja inaweza kunasa juu ya pua na mdomo ikaziba pumzi. Midoli ya zamani huja na mitumba, na nani aliyeondoa mipira ile kwenye marobota? Tumeweka picha ya nusu mpira na rula kando yake ili mama anayepekua midoli pale Gikomba aitambue. Ukurasa huo nao mliufunga.

Baada ya siku nne dawati lenu la msaada likaleta sababu ya pili, hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, inaeleza ombi la kuondoa maudhui linavyotakiwa kuwa: liwe kwa maandishi na limetiwa saini, litaje kazi inayodaiwa kuibwa, litoe anwani ya ukurasa wenyewe, na liambatane na kiapo. Ninyi mnapaswa kutupatia nakala yake, na sisi tunayo nafasi ya kulipinga kabla ya saa 48 za kazi kwisha. Hatujapewa nakala. Tulipoiomba, tuliambiwa malalamiko yalikuja kwa simu. Simu si ombi la kisheria. Na hata lingekuwepo, lingehusu anwani moja, na kuondoa anwani moja katika mfumo wenu ni kubadilisha jina la faili au kuongeza mstari mmoja kwenye .htaccess, faili la maagizo kwa seva. Hakukuwa na haja ya kuzima akaunti.

Mnasema mlituarifu. Ilani mliituma kwenye anwani ya barua pepe iliyo chini ya kikoa (jina la tovuti mtandaoni) kile kile mlichokuwa mmekizima dakika chache kabla, kwa hiyo haikuwa na mahali pa kufikia. Kwenye fomu ya usajili tuliwapa nambari ya simu na anwani ya pili iliyo nje ya seva yenu. Hakuna aliyezitumia.

Namna mlivyofunga nayo imeleta hasara inayoendelea hadi leo. Kila anwani ya tovuti ilikuwa ikileta ukurasa wenu wa "Akaunti imesimamishwa" kwa jibu la 200, maana yake "kila kitu kiko sawa, haya ndiyo maudhui". Injini za utafutaji ziliamini. Sasa mzazi akitafuta kwa Kiswahili habari za katuni na kifafa, kichwa cha makala yetu kinatokea kikiwa na maneno ya kampuni yenu chini yake. Mngetoa jibu la 503, linalosema tovuti imefungwa kwa muda, kurasa zetu zingesubiriwa. Katikati ya siku hizo cheti cha usalama kikaisha. Chetu, kilichotolewa na shirika la Let's Encrypt, kilikuwa cha siku 90, na kwa njia tunayoitumia kukihuisha kunahitaji faili dogo lisomwe kutoka kwenye folda ya .well-known, ambayo ninyi mliielekeza kwenye ukurasa wa kusimamishwa pamoja na kila kitu kingine. Basi mlipofungua, wageni wa kwanza walipokewa na onyo la kivinjari kwamba tovuti si salama. Kwa tovuti inayoshutumiwa uchawi, onyo hilo ni pigo baya.

Tunakuja kwenye nakala rudufu, ambapo tunaomba barua hii ifike kwa fundi mwenyewe. Mkataba unasema nakala hufanywa kila usiku. Mliyoirudisha ilikuwa ya siku 23 kabla ya kufungwa. Faili za picha zilikuwa kamili, lakini makala yetu hayako kwenye faili, yako kwenye hifadhidata, na hifadhidata ilirudishwa vibaya. Katika jedwali la makala, kila palipoandikwa Pokémon sasa pameandikwa PokÃ©mon. Herufi é katika utf8mb4, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, huchukua baiti mbili. Aliyeingiza data aliitangaza kuwa latin1, mfumo wa zamani wenye herufi chache, seva ikazisoma baiti hizo kama herufi mbili tofauti. Hilo linarekebishika: faili la asili liingizwe upya likitangazwa kuwa utf8mb4. Jedwali la majina ya Kijapani ndilo lililokufa. Safu zake ziligeuzwa kuwa latin1, ambayo haina herufi za Kijapani kabisa, na kila herufi ikawa alama ya kuuliza. Jina kamili la mchezo lina herufi tisa, na sasa lina alama tisa za kuuliza mfululizo. Kilichokuwa nyuma ya alama hizo hakipo tena ndani ya hifadhidata mliyotupa. Kinapatikana tu kwenye nakala ya asili iliyo kwenu.

Fundi wenu alifunga tiketi kwa kuandika "nimekagua, maandishi yako sawa". Tunaamini alikagua kwa nia njema. Kiswahili hakina alama juu ya herufi zake, kwa hiyo ukisoma aya mbili za makala yetu huoni kosa lolote. Kosa linaonekana kwenye jina la kitu chenyewe tunachokiandikia. Aanze hapo.

Tunachotaka ni hiki. Mtupe nakala ya asili ya hifadhidata ya usiku wa Jumatatu, kabla ya kufungwa, ikiwa haijaguswa, tutaiingiza wenyewe. Ikiwa nakala hiyo haipo, mtuambie hivyo kwa maandishi na mrudishe ada ya miezi iliyobaki, kwa kuwa nakala za kila usiku zilikuwa sehemu ya bei. Mfute dai la shilingi 3,000, kwa sababu hatukuvunja sharti lolote tulilotajiwa. Mtupatie malalamiko ya awali kwa maandishi, jina la mlalamikaji likiwa limefichwa mkipenda, ili tumjibu kwa heshima. Ikiwa ni mzazi, tungependa asome ukurasa ule hadi mwisho. Na mtupe msimbo wa uhamisho wa kikoa chetu cha .co.ke, ambao tumeuomba mara tatu. Kikoa ni chetu, ninyi ni wakala wa usajili tu, na kukishikilia ili tulipe ada tunayoipinga si halali.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, suala la kikoa tutalipeleka KeNIC, wasimamizi wa vikoa vya .ke, na la huduma kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, tukiambatanisha tiketi zote, risiti ya malipo yetu ya mwaka kwa M-Pesa, na picha za kurasa zilizoharibika. Hadi wakati huo, ukurasa wa onyo la mwanga tumeuandika upya kwa mkono kutoka kwenye chapa ya karatasi na uko hewani. Msiuguse.

Wenu waaminifu,

Wahariri wa Tovuti